Programu za Kompyuta na Riziki ya Kesho

Mzazi wa Kwihara akiisha kuuza tumbaku yake humjia mwalimu na swali: je, mwanangu akienda chuoni kusomea uandishi wa programu za kompyuta, atapata kazi? Swali hili si dogo, kwani fedha ile ni jasho la msimu mzima. Ninyi wanachuo, mtakapokuwa walimu wa shule za msingi, mtaulizwa. Yafaa tujiandae kujibu kwa haki.

Majibu mawili yamezoeleka, wala hakuna linalotosha. Wako wasemao kompyuta si mambo yetu. Hata taifa lilipata kusita: kompyuta ya kwanza serikalini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ukapigwa marufuku. Lakini leo mkulima hupokea na kutuma fedha kwa simu, na huduma hiyo haiendi bila programu. Wako pia wasemao cheti cha kompyuta ni ajira ya hakika. Hao nao wanapotosha.

Historia ya hapa Kwihara yatufunza. Mwaka 1872 Livingstone alikaa hapa tangu Februari hadi Agosti akingoja wapagazi watoke pwani, kwa maana bila wapagazi hapakuwa na safari. Upagazi ulikuwa kazi yenye ujira, kanuni na heshima yake, na Wanyamwezi walisifika kwayo. Miaka arobaini baadaye, mwaka 1912, reli ilifika Tabora, na mzigo ukahama kutoka begani kwenda kwenye behewa. Bega likapoteza soko lake. Ujuzi wa watu, lugha na biashara haukuchukuliwa na treni.

Uandishi wa programu nao umefikiwa na reli yake. Siku hizi akili mnemba huandika sehemu ya kazi ambayo zamani alipewa mwanagenzi. Aliyekariri amri za lugha moja ya kompyuta yumo hatarini. Awezaye kuligawa tatizo katika hatua, na kuitambua hatua iliyokosewa, bado atahitajiwa.

Kwa hiyo tunashauri mambo mawili. Kwanza, mwambieni mzazi aulize kabla ya kulipa: je, chuo kimesajiliwa? Kila mwanafunzi atakaa kwenye mashine saa ngapi kwa juma? Atapelekwa mafunzoni kazini? Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilipoanzishwa mwaka 1975 vilikusudiwa kuwapa watu ujuzi wa kutumia maishani, si karatasi tu. Kozi ya kompyuta nayo ipimwe kwa mizani hiyo.

Pili, msingi uanze kwenu, hata pasipo umeme. Wapeni watoto wa Darasa la Nne kazi ya kuandika maagizo ya kuchota maji kisimani. Mtoto mmoja ayasome, mwingine ayatende kama yalivyoandikwa, bila kuongeza lolote. Akimimina maji kwenye ndoo ambayo hakuambiwa aifunue, darasa litacheka. Hapo waulizeni ni hatua gani iliyosahauliwa, nao wasahihishe. Hiyo ndiyo kazi ya mwandishi wa programu.

Mtoto aliyezoezwa hivyo, akienda chuoni atafaidi. Asipokwenda, hajapoteza kitu. Mzazi hatukuweza kumwahidi ajira. Tumwahidi basi kwamba mwanawe hataondoka darasani mwetu akiwa na bega tupu.