Saa Thelathini na Nane

Tumepokea barua ya kijana tuliyemfundisha Juzuu Amma, ambaye hivi sasa yumo mwaka wa tatu wa chuo kikuu huko Marekani walikohamia wazazi wake. Ataka kuwa daktari, na Juni ijayo atapeleka maombi. Sisi tuliokomea darasa la saba hatustahili kuulizwa habari za utabibu, wala hakutuuliza hizo. Swali lake ni hili: amehudumu hospitalini saa 38 bila ya malipo, na wenziwe wamshauri aandike 200, kwani, ati, hapana anayehesabu.

Wazazi wengi wa huku hudhani kuwa kijana wa Marekani huingia utabibu atokapo sekondari, kama ilivyo kwetu. Kwa kawaida sivyo. Kwanza husoma shahada ya miaka minne, ya somo lolote alipendalo, maadamu apitie baiolojia, kemia na fizikia kama vyuo vingi vya utabibu vitakavyo. Kisha ndipo huomba miaka minne mingine ya utabibu, na baada yake hubaki mafunzo ya hospitalini ya miaka mitatu au zaidi. Asiyeyajua haya humwuliza mtoto kila Idi, "Hujawa daktari tu?"

Kuna na mtihani uitwao MCAT, ambao kwa mapumziko yake huchukua kiasi cha saa saba na nusu. Alama ya chini ni 472 na ya juu 528. Juu ya mtihani huo hatuna la kusema, ila nyumbani wampunguzie kijana kazi miezi hiyo.

Katika barua za walimu twasema tulijualo. Aliwahi kutujia kijana tumwandikie sifa, nasi ikatubidi kulitafuta jina lake daftarini. Barua tuliyoiandika haikuwa na uongo, wala haikuwa na kitu. Huko darasa moja huweza kuwa na mamia ya wanafunzi. Basi asiyekwenda kwa mwalimu wake, akauliza, akakosolewa, akarudi tena, asitaraji kujulikana kwa kuwa amepata alama nzuri.

Tuje kwenye fomu. Ile itumiwayo na vyuo vingi vya huko ina nafasi 15 za kazi na huduma alizozifanya mwombaji, kila moja na saa zake, na jina la mtu awezaye kuulizwa. Tena ina insha isiyozidi herufi 5,300, nafasi tupu zikiwemo, aeleze kwa nini ataka utabibu. Kabla ya kuipeleka, mwombaji huthibitisha kwamba yote aliyoyasema ni kweli. Hiyo ni shahada, enyi vijana! Khofu ya kijana wetu twaifahamu: mwaka 2023 walioomba walizidi 52,000, na walioanza masomo hawakutimia 23,000. Lakini atakayekabidhiwa roho za watu anaanzaje kwa hesabu ya uongo?

Tulimjibu aandike 38. Tukamwuliza pia, katika saa hizo uliona nini? Akatueleza kwamba alikuwa akisukuma viti vya wagonjwa, na siku moja bibi mmoja wa Kisomali, asiyejua Kiingereza, alimsikia akitoa salamu akamshika mkono asimwachie mpaka mkalimani alipofika. Yeye hajui Kisomali hata neno. Alikaa tu. Habari hiyo hakuitia katika insha yake, kwa kuona si jambo; ametia maneno makubwa juu ya kuwaokoa wanadamu. Tumemwambia ayafute, amweke bibi yule.

Tena si lazima aombe Juni hii. Wengi wa wanaoingia huko huwa wamekwisha kaa mwaka mmoja au zaidi tangu kupata shahada, wakifanya kazi na kuhudumu. Akingoja mwaka, saa zake zitaongezeka kwa haki. Alipolisikia hilo ndipo alipotoa lililokuwa likimsumbua: baba yake amekwisha watangazia jamaa wa huku na wa huko kwamba mwanawe aingia utabibu mwakani.

Basi tumemwandikia na baba. Tunangoja jawabu lake.