Urojo uachiwe uchachu wake

Mhariri,

Naunga mkono vibanda vya vyakula vya visiwani vinavyofunguliwa wikendi hapa Dar es Salaam. Asiye na nauli ya boti ya Unguja naye anaonja pweza, mishkaki na mkate wa kumimina. Wapishi wanastahili pongezi.

Ninachoomba ni urojo uachiwe uchachu wake. Niliokula majuzi ulikuwa mzito kama uji, mtamu, bila embe mbichi hata chembe. Urojo wa Unguja huanza na ukali wa embe au ndimu; ndipo viazi, bajia, kachori na chipsi za muhogo zinapokolea, kisha juu yake chatne ya nazi na pilipili. Muuzaji aliniambia watu wa mjini hawapendi vitu vichachu. Sikubali. Watu hao hao hununua embe mbichi za chumvi na pilipili vituoni wakisubiri daladala!

Pweza, kusema haki, alikuwa laini, amepigwa na kuchemshwa vizuri kabla ya kuwekwa kwenye mkaa.

Waandaaji wamwalike mpishi wa Forodhani, Unguja, awaonyeshe vipimo vya urojo. Embe zikiadimika, ndimu na ukwaju zinapatikana Kariakoo.

Msomaji wako,
Magomeni, Dar es Salaam