Nasaba ya Kendu Bay Ndani ya Faili la GEDCOM

Wapo wanaodai kwamba tarakilishi imekuja kuinusuru nasaba. Sikatai, ila nina shaka nayo. Likizo iliyopita niliketi na nyanya yangu karibu na Kendu Bay, nikayaingiza majina ya vizazi saba vya ukoo wetu katika programu moja ya nasaba. Binamu yangu aliye Marekani anatumia programu nyingine, hivyo nikampelekea faili la GEDCOM. Majina yalifika, uhusiano haukufika wote.

GEDCOM, ndugu msomaji, ni mfumo uliobuniwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho mwaka 1984 ili programu mbalimbali zibadilishane data za nasaba. Kila familia humo ina nafasi ya mume mmoja na mke mmoja. Babu alioa wake watatu. Hilo lilitatulika: familia tatu, mume yule yule, na kusema kweli, Waluo nao huhesabu nyumba kwa mama. Lakini nani mikayi, nani nyachira, nani reru? Nilijitungia lebo, kwani mfumo huruhusu lebo za binafsi zinazoanza na kistari cha chini. Programu ya binamu haikuzijua, ikazitupa.

Mkasa mkubwa ni wa baba mdogo. Alizaliwa baada ya babu kufariki, nyanya akiwa amerithiwa kwa desturi ya ter, na kwa Waluo mtoto huyo ni wa marehemu. Toleo la 5.5.1 linatoa chaguo nne: kuzaliwa, kuasiliwa, kulelewa, na kuunganishwa kwa ibada ya kanisa lenyewe. Waliobuni mfumo waliikumbuka ibada yao. Siwalaumu, kila mtu huanza na kwao. Toleo la 7.0 la mwaka 2021 limeongeza chaguo la "nyingine", lenye nafasi ya maelezo. Nilipomweleza nyanya, aliuliza, "Mwanangu ni 'nyingine'?"

Maelezo hayo yataandikwa kwa lugha gani? Tukiandika kwa Kiingereza, baba mdogo na mjomba watakuwa neno moja. Chama chetu kingeweza kuandaa orodha ya istilahi za ukoo, za Kiswahili na za lugha jirani, zenye fasili kamili. Mimi nimeanza kwa kuandika habari za ter kwa Kiswahili katika sehemu ya vidokezo, ambayo programu nyingi huihifadhi. Nimempelekea binamu faili upya.