Mgeni wa AFCON Ahesabiwe Vipi?

Tangu Shirikisho la Soka Afrika (CAF) lilipozipa Kenya, Uganda na Tanzania uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) la 2027, mwezi Septemba 2023, neno "fursa" halijakauka midomoni mwa viongozi. Viwanja vinajengwa kwa fedha za umma, na utetezi wake ni kwamba wageni watakuja, watalala, watakula, watanunua. Watakuja kweli. Swali la mlipa kodi ni hili: katika fedha watakazoacha, zipi zisingekuja bila mpira?

Hesabu nyingi huharibika kwa kumjumlisha kila aliyeingia uwanjani. Mkazi wa Temeke akilipia tiketi ya Uwanja wa Mkapa, soda na mishikaki, fedha hiyo angeitumia vilevile mahali pengine jijini. Imehama mfuko tu. Naye mfanyabiashara aliyekuja Dar es Salaam kwa mkutano akapitia mechi moja hakuletwa na AFCON. Cha kuhesabiwa kwake ni tiketi na siku alizoongeza.

Kosa la pili halionekani kirahisi: kumsahau aliyeghairi kuja. Agosti 2012, London ikiwa mwenyeji wa Olimpiki, wageni walioingia Uingereza kutoka nje walipungua kwa takriban asilimia 5 kulinganisha na Agosti ya mwaka uliotangulia. Matumizi yao, hata hivyo, yalipanda kwa karibu asilimia 9. Anayetaka kusifu atataja takwimu moja, anayetaka kuponda atataja nyingine. Mpimaji hana budi kuzitaja zote mbili.

Jambo hilo la kupoteza wageni wengine linaigusa Arusha moja kwa moja. Mji unaopewa uwanja mpya wa watu 30,000 ndio lango la Serengeti, na msimu wake wa watalii hushamiri kuanzia Juni hadi Oktoba. Mashindano yakichezwa katikati ya mwaka, shabiki anaweza kuchukua chumba cha mtalii ambaye angelipa pia kiingilio cha hifadhi, gari na mwongozaji.

Halafu kuna mipaka. Shabiki wa Nairobi akivuka Namanga kwenda kutazama mechi Arusha, kwa Tanzania ni mapato mapya. Kwa Afrika Mashariki nzima ni shilingi ileile iliyobadilisha nchi. Kila mwenyeji akijihesabia peke yake kisha jumla ikatangazwa kuwa faida ya ukanda, faida hiyo itakuwa imekuzwa.

Afrika Kusini ilitarajia zaidi ya wageni 450,000 wa Kombe la Dunia la 2010. Waliokuja hasa kwa ajili ya mashindano walikuwa takriban 309,000, wakatumia randi bilioni 3.64. Tofauti hiyo ilijulikana kwa sababu wageni waliulizwa sababu ya safari yao.

Tanzania ina pa kuanzia: Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) na Benki Kuu hushiriki katika utafiti wa wageni wanaotoka nchini. Yaongezwe maswali machache: ungekuja mwaka huu bila AFCON? Umeongeza siku ngapi? Umeahirisha safari nyingine? Mbinu za hesabu zitangazwe kabla ya mechi ya kwanza, na hesabu yenyewe isifanywe na kamati iliyoomba bajeti.

Huenda matokeo yakawa madogo kuliko ahadi. Hilo halitayafanya mashindano kuwa hasara, kwani fahari, barabara na viwanja navyo vina thamani. Ila hayo yatetewe kwa majina yake, bila kujificha nyuma ya watalii.