Eben Hakunyamaza

Anayedai kwamba mtunzi wa muziki Petr Eben alipatana na wakomunisti, eti kwa kuwa hakuihama Czechoslovakia, amekagua pasipoti akasahau muziki. Kijana aliyetoka Buchenwald, kambi ya mateso ya Wanazi, akiwa hai hakuwa wa kutishwa kirahisi. Hakujiunga na chama, kanisani akaendelea kwenda waziwazi, na alilipia: alifundisha Chuo Kikuu cha Charles, Prague, tangu 1955, lakini uprofesa aliupata 1990, utawala ule ukiwa umeshaanguka.

Na katikati ya miaka hiyo alitunga nini? Mwaka 1987, chama kingali madarakani, alitunga “Ayubu” kwa kinanda kikubwa cha kanisani. Ayubu wa Biblia, jamani, si sifa za trekta za kukipendeza chama! Kama huko ni kupatana, mwenzetu atuonyeshe ukaidi unavyosikika.