Nilihukumu Kabla ya Kuona



Wapendwa waamini, katika tafakari ya juma hili nakusudia kukiri kosa moja la kichungaji. Sifanyi hivyo ili nipate huruma yenu. Nafanya hivyo kwa sababu nadhani kosa hilo tunalitenda wengi, mapadre kwa wazazi, na mara nyingi tunalitenda kwa nia njema.

Mwaka jana nilikwenda kusaidia huduma za kiroho kwa miezi mitatu katika parokia moja ya Wisconsin, kaskazini mwa Marekani. Miongoni mwa waamini wa huko zimo familia za Wakongo wanaozungumza Kiswahili. Mama mmoja, mzaliwa wa Baraka kando ya Ziwa Tanganyika, aliyekaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, alinijia baada ya Misa akiwa na uchungu mwingi. Mwanawe wa miaka 17 alikuwa amejiunga na mchezo ambao mama hakuuelewa. Chumbani mwake alikuta kitabu chenye picha za mazimwi na mashetani, dadu zenye nyuso nyingi zisizo za kawaida, na daftari lililojaa majina ya ajabu. Akaniambia: "Padri, mtoto huyu nilimzaa kambini, nikamlea kambini. Nisije nikampotezea huku."

Kijana mwenyewe sikumwuliza neno hata moja. Nilimshauri mama aviondoe vitu vile nyumbani, naye akavitupa siku hiyo hiyo. Dominika iliyofuata kijana hakuja kanisani, na nyumbani akawa hamjibu mama yake ila kwa kutikisa kichwa.

Siku chache baadaye mzee mmoja wa parokia, msomaji wa masomo ya Misa, alinifuata sakristia. Kumbe ndiye aliyekuwa akiwakusanya wachezaji wa eneo lile mara moja kwa mwaka, Ijumaa jioni hadi Dominika alasiri, katika ukumbi wa mji. Hakunilaumu. Alisema tu, "Padre, njoo uone." Nikamwomba mama amruhusu kijana aende, kwa sharti kwamba nami nitakuwepo. Akakubali kwa shingo upande.

Jumamosi asubuhi nikaingia ukumbini. Niliwakuta watu wapatao sitini, wameketi watano au sita kila meza, wenye karatasi, penseli na dadu. Kwenye kona kulikuwa na birika la kahawa na sufuria kubwa la maharage yenye nyama. Katika kila meza mmoja ni mtambaji wa hadithi. Yeye huwaeleza wenzake mahali walipofika: daraja limekatika, mto umefurika, ng'ambo kuna mtu anaomba msaada. Kisha huuliza, "Mnafanya nini?" Kila mmoja humsemea mhusika wake, na jambo lisipokuwa na hakika, dadu huamua kama limefaulu. Hakuna fedha inayowekwa mezani. Hakuna anayemshinda mwenzake pia, kwa maana kundi zima hufaulu pamoja au hukwama pamoja. Sisi tuliokulia kwenye hadithi za jioni tungeitambua hali ile mara moja, ila hapa wanaoitikia "pakawa" nao huisogeza hadithi mbele.

Waliponiona nimesimama, wakanivutia kiti na kunipa mhusika wa kasisi, huku wakicheka. Nikaelezwa kwamba katika kanuni za zamani za mchezo huu kasisi haruhusiwi kutumia silaha yenye makali, na kazi yake kubwa ni kuwaponya wenzake. Nikajitahidi kuvuka mto. Dadu yangu yenye nyuso 20 ikaonyesha 2, kasisi akachukuliwa na maji. Meza nzima ikaacha safari yake ili kumvua. Binti mmoja, ambaye tangu asubuhi hakuwa amenyanyua macho, ndiye aliyesema kwa sauti, "Hatumwachi."

Ndugu zangu, niliposikia neno lile nilijiuliza ni lini mara ya mwisho nimelisikia katika jumuiya zetu ndogo ndogo, juu ya mwanajumuiya aliyeacha kuja.

Labda mtauliza, je, dadu si kamari, na mazimwi si uchawi? Ni maswali halali. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2116 na 2117, inakataza wazi kila aina ya ramli na uchawi. Lakini ramli ni kutafuta kwa nguvu nyingine maarifa na uwezo ambao ni wa Mungu. Anayerusha dadu ili ajue kama mhusika wa kubuni ameruka mtaro haulizi roho yeyote jambo lolote. Kuhusu michezo ya bahati, namba 2413 inafundisha kwamba yenyewe si kinyume cha haki, ila huwa ovu inapomnyang'anya mtu riziki yake na ya wanaomtegemea. Naye Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliuhesabu mchezo wa kiasi kuwa jambo la fadhila, kwa kuwa roho nayo huchoka na huhitaji kupumzika.

Hofu ya mama yule si ngeni. Mchezo uliotangulia michezo yote ya namna hii, *Dungeons & Dragons*, uliobuniwa na Gary Gygax na Dave Arneson, ulichapishwa mwaka 1974 katika mji mdogo wa Lake Geneva, huko huko Wisconsin. Mjini humo, mwaka 1968, Gygax alikuwa amewaita wapenzi wa michezo ya mezani katika ukumbi mmoja, wakaja kama mia moja. Mkutano ule, uitwao Gen Con, siku hizi hufanyika Indianapolis, na mwaka 2023 ulihudhuriwa na watu zaidi ya 70,000. Katikati ya miaka hiyo palikuwa na kelele nyingi. Mwaka 1979 mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu huko Michigan alipotoweka, magazeti yalidai kwamba amepotelea katika mchezo huu, kumbe alikuwa kijana mwenye huzuni nzito iliyotokana na mambo mengine. Mwaka 1983 mama mmoja wa Virginia, ambaye mwanawe alijiua mwaka uliotangulia, alianzisha chama cha kuupinga mchezo. Tafiti zilizofuata hazikuthibitisha kwamba mchezo ndio huwasukuma vijana kujiua. Simcheki mama yule, maana uchungu hutafuta jina. Lakini hatari yake ni hii: tukishampata mchawi, hatumtafuti tena mgonjwa. Kijana mwenye huzuni hubaki na huzuni yake, na sisi tumeridhika kwa kuwa tumetupa kitabu.

Basi, alasiri ya Jumamosi nilisogea kwenye meza ya kijana wetu. Alikuwa mtambaji, akitumia kitabu cha kuazima. Aliwaeleza wenzake kwa Kiingereza habari za nchi yenye ziwa refu lililozungukwa na milima, na wavuvi waliokwenda usiku na taa zao hata maji yakaonekana kama mbingu ya pili. Ziwa lile nilikuwa ninalijua, na ninyi mnalijua. Yeye hakupata kuishi kando yake. Alilipokea kutoka kinywani mwa mama yake, katika kambi ya wakimbizi.

Jioni hiyo nilikwenda nyumbani kwao, nikamwomba mama msamaha, kisha nikamwomba kijana naye, mbele ya mama. Dominika baada ya Misa mama alikuja ukumbini, akaketi nyuma ya mwanawe na mkoba wake magotini. Hakujua Kiingereza cha kutosha, lakini picha aliyoichora kijana aliielewa: mitumbwi, taa, na mwezi mpevu juu. Akamnong'oneza kwa Kiswahili, "Mwezi ukiwa mpevu wavuvi hawaendi. Taa haziwavuti ndagala." Kijana akageuka, akamtazama, akacheka. Akawatafsiria wenzake, akaufuta mwezi. Ndilo lilikuwa neno refu la kwanza kati yao tangu kitabu kitupwe.

Sisemi kwamba kila meza ni njema. Zipo hadithi zenye ukatili na uchafu usiomfaa Mkristo, na yupo mtu anayeweza kulipenda jambo jema hadi likamla masomo, kazi na sala. Mkutano ule wenyewe ulikuwa na kasoro: michezo ya Dominika ilipangwa kuanza saa tatu asubuhi, saa ile ile ya Misa. Nilimweleza mzee wetu bila kificho kwamba Siku ya Bwana haihamishwi kwa ajili ya dadu, naye akasogeza ratiba hadi mchana. Kumbe palihitaji mtu wa kuomba tu.

Kwa hiyo, maoni yangu ni haya. Mtoto wako akipenda jambo usilolijua, liwe mchezo, muziki au kundi la marafiki, usianze kwa kulitupa, wala usimkimbilie padre akutupie. Mwulize hadithi yake inahusu nini. Waulizie wenzake, nenda ukawaone. Angalia saa, fedha, na kama Misa na masomo vimepata haki yake. Ukiona ubaya, kataza bila kuogopa, na mtoto atajua unakataza kitu ulichokiona kwa macho yako. Nasi mapadre tukumbuke kwamba Mtume Paulo aliwataka Wathesalonike wayapime mambo yote na kulishika lililo jema. Hakuna awezaye kupima kitu akiwa ameketi mbali nacho.

Bwana wetu aliketi kwenye meza ambazo watu wema walizisema vibaya, na waliomlaumu walisimama mlangoni. Dominika ile ya kwanza, nilipomshauri mama bila kumwuliza mwanawe, nami nilikuwa nimesimama mlangoni. Niombeeni nisirudi pale.

Nawatakia Dominika njema na baraka za Mungu katika familia zenu.

Padre wenu.