Joto la dunia: nyuzi 1.5 zina maana gani kwetu?



Tarehe 12 Desemba 2015, mataifa yaliyokutana Paris yalipatana kwamba joto la dunia libaki chini kabisa ya nyuzi 2 juu ya kiwango cha zamani, kabla viwanda havijaenea. Yaliahidi pia kujitahidi lisipite nyuzi 1.5. Tumefika wapi?

Mwaka 2024 ulikuwa na joto kuliko yote iliyowahi kupimwa: Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilikadiria ongezeko la nyuzi 1.55. Mapatano hayajavunjika bado, maana huangaliwa wastani wa miaka mingi, si mwaka mmoja. Lakini ripoti ya Umoja wa Mataifa ya Novemba 2025 inaonyesha kwamba hata serikali zote zikitimiza ahadi zao, tutafika kati ya nyuzi 2.3 na 2.5 katika karne hii. Zikiendelea na mipango ya sasa tu, 2.8.

Viwanda vya RDC vinachangia kidogo sana moshi huo. Tena udongo wa mabwawa ya misitu, katika Kongo zote mbili, unahifadhi karibu tani bilioni 30 za kaboni. Lakini mvua haiulizi nani alianza kuchafua hewa.

Mwezi wa 5, 2023, mafuriko ya Kalehe, Kivu ya Kusini, yaliua watu zaidi ya 400, hasa Bushushu na Nyamukubi. Wataalamu walichunguza kama joto la dunia lilichangia. Hawakuweza kujibu, kwa sababu vipimo vya mvua katika eneo hilo ni vichache mno. Basi tumezika watu wetu, na hatuna hata daftari la kuonyesha mbele ya mataifa yaliyoahidi, kule Baku mwaka 2024, dola bilioni 300 kwa mwaka kufikia 2035.

Kukata miti milimani kwa ajili ya makala na kujenga kando ya mito ni mambo yetu wenyewe, tuyaseme wazi. Lakini kuna jambo jingine lisilohitaji dola nyingi. Makanisa yana shule na vituo vya afya hata pale barabara inapoishia. Kila kimoja kikiwa na kipima mvua, na mtu wa kuandika kila asubuhi, kijiji cha bondeni kingeweza kuonywa kabla mto haujashuka.